Kabla ya Kuziba Pengo, Tazama Meno Yaliyobaki

Mtu anayekwenda kuulizia daraja la meno huwa amelifikiria jino moja tu, lile ambalo halipo. Ulimi wake umeshalizoea pengo, mkono wake hupanda mdomoni kila anapocheka, anatafunia upande mmoja mwaka mzima, na anachotaka ni pengo lizibwe yaishe. Mimi namwomba aanze kwa kuyafikiria meno mawili ambayo bado yapo, lile la mbele ya pengo na lile la nyuma yake, kwa sababu daraja la kawaida halisimami juu ya fizi wala ndani ya mfupa. Linasimama juu ya meno hayo mawili. Ndiyo yatakayochongwa, ndiyo yatakayobeba mzigo wa jino la tatu, na mara nyingi ndiyo yatakayoamua daraja lenyewe lidumu kwa miaka mingapi. Naandika haya kwa kuwa mimi mwenyewe natafunia daraja upande wa kulia wa taya la chini, na kwa kuwa hapa Dodoma, tangu Serikali ihamie na mji ujae watu, matangazo ya kuziba mapengo yamekuwa mengi. Matangazo hayo husema kweli kwamba daraja huziba pengo. Yasichokisema ni kile ambacho meno ya jirani hulipa.

Jino nililolipoteza ni gego la kwanza la chini, na katika hilo sina tofauti na watu wengi wa rika langu. Gego hilo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, hivyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni la utoto na kwamba litang'oka lenyewe wakati wake ukifika. Huanza kutoboka mapema, na enzi za utoto wetu kule Mpwapwa jino likiuma dawa yake ilikuwa moja tu, kung'oa. Ikapita miaka mingi kabla sijaelewa kwamba jino halikai mahali pake kwa nguvu ya mzizi peke yake, bali pia kwa kuzuiwa na wenzake. Likiondoka, jino la nyuma huanza kulala kuelekea kwenye pengo, jino la juu lililokuwa likigongana nalo hushuka taratibu, na mfupa wa taya uliokuwa umeshika mizizi hupungua kimo na unene, hasa katika mwaka wa kwanza. Kwangu gego la pili lilikuwa limeegemea mbele kiasi kwamba nyuzi za nyama ya mbuzi zilinasa chini ya ubavu wake kila nilipokula, na fizi ya mahali pale ilikuwa ikitoa damu.

Daraja la kuziba pengo la jino moja lina vipande vitatu vilivyoshikana: kofia mbili zinazovikwa juu ya meno ya nguzo, yaani yale mawili ya jirani, na katikati yake jino la bandia lisilo na mzizi, ambalo hugusa fizi kwa juu tu. Likishagandishwa halivuliwi usiku kama meno ya kuvaa, wala halihitaji skrubu ya titani kuingizwa ndani ya mfupa kama kipandikizi. Wazo la kuliegemeza jino la bandia kwenye majirani zake ni la kale sana. Waetruski wa Italia ya kale, yapata karne ya 7 kabla ya Kristo, walilishika kwa mkanda wa dhahabu uliozungushwa kwenye meno ya kando. Mkanda ule uliyazunguka tu meno hayo. Daraja la leo huyataka yachongwe kwanza.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Ili kofia ivikwe bila kulifanya jino linenepe kuliko wenzake, daktari hulipunguza pande zote na juu yake, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 2 kutegemea sehemu na aina ya kofia. Milimita 2 zinasikika kuwa kidogo mpaka mtu akumbuke udogo wa jino lenyewe. Utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2002 ulipima kiasi kinachoondolewa jino linapoandaliwa kwa kofia kamili, na ukakuta kwamba kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino iliyo juu ya fizi huondoka. Enameli, yaani gamba gumu la nje, haioti tena. Tena ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na mshtuko wa kuchongwa unaweza kukiua, si siku ile tu bali hata miaka kadhaa baadaye. Hapo mzizi hulazimika kutibiwa kwa kutoboa tundu katika kofia ambayo mgonjwa ameshailipia.

Kwa hiyo swali la msingi ni hili: je, meno ya jirani ni mazima? Daktari aliyenitengenezea daraja langu alikataa kushika mashine kabla hatujalijibu. Alinipiga picha ya eksirei, akagusisha pamba yenye baridi kali kwenye kila jino la nguzo na kuniambia niinue mkono nikiisikia, akapima kwa kijiti chenye alama za milimita kina cha fizi kuzunguka kila jino, kisha akaigeuza skrini upande wangu.

"Mama, hebu tazama. Hili la nyuma limezibwa mara mbili na ukuta wake mmoja una ufa. Hili la mbele nalo limezibwa sana. Haya yangehitaji kofia hata kama usingekuwa na pengo."

"Na kama yangekuwa mazima, daktari?"

"Tungezungumza mengine. Nisingeyachonga meno mawili mazima kwa ajili ya moja lililokwishaondoka, mpaka kwanza tumekosa njia nyingine."

Jibu lile lilinifanya nimwamini, na nimeona kwa watu wengine kwamba si kila anayeuza daraja huanzia hapo. Mtu mwenye nguzo zilizochoka, zenye mizizi mirefu na mfupa wa kutosha, ananufaika mara mbili, kwa maana pengo linazibwa na meno mabovu yanavikwa kinga. Mwenye nguzo nzima kabisa anatoa kingi ili apate kidogo, na kama ana uwezo wa kipandikizi, au kama anaweza kustahimili meno ya kuvaa kwa muda, hana sababu ya kuharakisha. Mwenye nguzo zinazotikisika kwa ugonjwa wa fizi hapaswi kuwekewa daraja mpaka fizi zitibiwe, na mgonjwa wa kisukari ambacho hakijadhibitiwa yumo katika kundi hilo mara nyingi kuliko anavyodhani. Tangu mwaka 1926 wanafunzi wa udaktari wa meno wamefundishwa kanuni iliyopewa jina la Ante, kwamba eneo la mizizi ya nguzo lisipungue eneo la mizizi ya meno yanayozibwa. Siku hizi kanuni hiyo inachukuliwa kuwa mwongozo zaidi kuliko sheria, lakini inasaidia kueleza kwa nini pengo la meno matatu ya nyuma haliwezi kubebwa salama na nguzo mbili nyembamba.

Kazi yenyewe hufanyika kwa awamu, na haina maumivu makubwa kama watu wanavyotishana. Baada ya sindano ya ganzi nilichosikia ni mtetemo, maji baridi na ile harufu ya jino linalosagwa, ambayo si nzuri lakini inapita. Jambo lililonivutia ni uzi mwembamba uliolowekwa dawa ambao daktari aliusukumia taratibu kati ya fizi na jino, kuzunguka nguzo zote mbili, ili fizi ijitenge na ukingo wa mchongo uonekane wazi. Ukingo ule usipoonekana, maabara hukisia, na mahali walipokisia ndipo kofia inapoacha mwanya mwembamba wa kupitisha bakteria. Kisha ikaja trei iliyojaa dawa laini inayoganda mdomoni kwa dakika chache, ikachukua umbo la meno yote, nami nikaondoka na daraja la muda la plastiki. Siku ya kuvikwa lile lenyewe, daktari aliweka karatasi nyembamba ya bluu kati ya meno ya juu na ya chini na kuniambia, "Gonga. Sasa saga kulia na kushoto." Palipobaki doa zito la bluu alipapunguza kidogo, tukarudia, akapunguza tena, mpaka doa la jino jipya likalingana na madoa ya meno mengine. Usione haya kusema bado unahisi liko juu. Daraja lililoinuka kwa kiasi cha unene wa karatasi hupokea kishindo chote cha kutafuna, na nguzo zake huanza kuuma baada ya siku chache.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Kauri iliyopakwa juu ya kiini cha chuma imetumika kwa miongo mingi na bado ni kazi nzuri, hasa kwa magego. Zirkonia, aina ya kauri isiyo na chuma ndani, ni ngumu sana na haina ile mistari ya kijivu inayoweza kuonekana kwenye fizi chuma kikianza kujitokeza. Muhimu kwa mfuko ni kujua kwamba bei huhesabiwa kwa vipande na si kwa mapengo, yaani pengo moja ni malipo ya vipande vitatu, na kwamba gharama ya kutibu mzizi, kama itahitajika, huwa ni ya kando. Omba uandikiwe yote kabla ya kuanza, na kama una bima, ulizia kwa maandishi nini kinagharimiwa.

Rangi inastahili maneno zaidi kwa watu wa ukanda wetu wa kati. Maji ya visima katika maeneo mengi ya Singida na ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, wakati kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia, na mabaka hayo hayatoki kwa mswaki. Mtu kama huyo akiwekewa jino moja jeupe lisilo na doa, kila anayezungumza naye ataliona hilo kwanza. Rafiki yangu mzaliwa wa Iramba, Singida, alimwambia mtaalamu wa maabara, "Nataka lifanane na ndugu zake," na mtaalamu akachora mabaka mepesi ya kahawia ndani ya kauri kabla ya kuichoma. Sijaona daraja la mbele lililofichika vizuri kuliko lile. Rangi huchaguliwa mwanzoni kabisa, kabla ya meno kukauka, kwa sababu jino lililokaushwa huonekana jeupe kuliko lilivyo, na ni vizuri ichaguliwe karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana.

Kuna watu ambao daraja la kuchonga haliwafai kabisa kwa sasa, na hapa namfikiria mtoto wa kaka yangu. Alianguka na bodaboda barabara ya kwenda Nkuhungu akapoteza jino moja la mbele la juu, akiwa bado kidato cha pili. Kila nilipokutana naye aliniuliza, "Shangazi, na mimi lini nitawekewa kama lako?" Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari ili aelezwe na anayejua. Taya la kijana wa umri ule bado linakua, na kiini cha jino lake ni kikubwa na kipo karibu na uso wa jino, hivyo kulichonga ni kukaribia kukifikia. Kipandikizi nacho hakiwekwi mpaka ukuaji ukome, kwa kuwa kingebaki palepale wakati meno ya kando yakiendelea kushuka. Aliwekewa daraja la bawa, ambalo wataalamu huliita daraja la Maryland kwa jina la chuo kikuu cha Marekani kilikoendelezwa: jino la bandia lenye bawa jembamba linalogandishwa nyuma ya jino la jirani, bila kuchongwa au kwa kuguswa kidogo sana. Lake lina bawa moja tu. Watu hudhani mawili yangekuwa imara zaidi, lakini meno mawili hutikisika kila moja kwa namna yake, bawa moja hubanduka bila mwenyewe kujua, na chini yake jino huanza kuoza kimyakimya. La bawa moja likibanduka hutoka lote, na mtu hulirudisha kwa daktari likagandishwa upya. Kwa mwenye mabaka makali ya floridi, gundi hiyo huweza kushika kwa shida zaidi, na daktari anapaswa kuambiwa mahali mgonjwa alipokulia.

Aina hiyo ingefaa pia vijana kadhaa ninaowafahamu ambao hawana jino la chonge kwa sababu waganga waliwachokonoa fizi walipokuwa wachanga, wakidai kuondoa "meno ya plastiki." Kile kinachoondolewa ni chipukizi la jino la utoto, na chonge la ukubwani lililolala chini yake huharibika au lisiote kabisa, mbali na hatari ya damu na maambukizi ambayo imewaua watoto. Nasema kwa uchungu kwamba homa na kuharisha kwa mtoto havitoki kwenye fizi hizo. Hata hivyo, chonge ni jino la kona, lenye mzizi mrefu, linalopokea nguvu za kusaga kwa ubavu, na pengo lake ni miongoni mwa magumu kuzibwa vizuri kwa daraja la aina yoyote.

Je, kila pengo lizibwe? Hapana, na hili watu hawaambiwi vya kutosha. Daktari Mholanzi Käyser alieleza mwaka 1981 kwamba watu wengi hutafuna vizuri bila magego yote, na utafiti uliofanywa hapa Tanzania na Sarita na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, uliwauliza mamia ya watu wazima kuhusu vyakula vyetu wenyewe. Waliokuwa na meno yote ya mbele ya magego na walau jozi moja ya magego yanayokutana hawakuwa na shida kubwa ya kutafuna; shida ilionekana wazi kwa waliobakiwa na jozi chache sana upande wa nyuma. Mtu aliyepoteza gego la mwisho, asiye na nguzo nyuma yake, anaposhawishiwa kuning'iniza jino kwenye nguzo moja ya mbele ili tu "pasibaki wazi," ana haki ya kuuliza atafaidika nini. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Mvumi, hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini, yaliyong'olewa ujanani mwake kwa mila ambayo wazee wengi wa Kigogo wa rika lake waliifuata. Alikula ugali wa uwele na mlenda, akatafuna karanga mpaka uzeeni, na hakuna siku aliyolalamikia pengo lile. Sipiganii mila hiyo irudi. Ninachosema ni kwamba pengo lisilozuia kula wala kusema, lisiloyumbisha meno mengine na lisilomnyima mwenyewe raha, linaweza kuachwa kama lilivyo na kuangaliwa mara kwa mara.

Aliyeamua kuweka, na akaweka kwa sababu nzuri, ana kazi ya kila siku ambayo mswaki peke yake hauiwezi. Chini ya lile jino la katikati kuna nafasi ambayo unyuzi wa mswaki haufiki, na uzi wa kawaida wa meno hauwezi kushuka kutoka juu kwa sababu vipande vitatu vimeungana. Mimi hutumia uzi wenye ncha ngumu: naipenyeza kutoka upande wa shavu, naivuta upande wa ulimi, kisha navuta ile sehemu nene yenye sponji huku na huku chini ya daraja, na kusugua ubavu wa kila nguzo. Jioni baada ya nyama au mahindi ya kuchoma hutoka vitu ambavyo mtu asingeamini vilikuwamo. Pasipo uzi huo kuna miswaki midogo ya katikati ya meno, na hata hiyo ikikosekana, kusukutua kwa nguvu ni bora kuliko kuacha, ingawa hakuondoi utando uliokwisha kushika. Kofia haiozi, lakini jino lililo ndani yake huoza, na huanzia ukingoni, palepale uzi ule wa dawa ulipopita siku ya vipimo.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu madaraja 9 kati ya 10 ya kawaida bado yalikuwa mdomoni baada ya miaka 10. Hiyo ni habari njema. Yale yanayoshindwa mara nyingi huanzia kwenye nguzo: kuoza, kiini kufa, ugonjwa wa fizi. Dalili ya kuogopa zaidi haiumi. Gundi ikiachia upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado umeshika, daraja halitoki, ila mate huingia na kutoka kila unapotafuna. Utahisi ladha mbaya isiyoisha, au ukilibonyeza kwa kidole utaona viputo vidogo ukingoni. Nenda wiki hiyo hiyo, kwa sababu nguzo iliyoachwa hivyo kwa miezi huwa laini ndani ya kofia yake na haishiki tena chochote. Na daraja likitoka lote, lioshe, liweke kwenye kikopo safi, usilirudishe kwa gundi ya dukani, nenda nalo kliniki. Kama halijapasuka na nguzo ziko salama, huenda likagandishwa tena siku hiyo hiyo.